Amua Kabla ya Siku ya Soko: Maneno kwa Mwenye Magunia na Mwenye Simu

Leo sitazungumzia mbegu, wala viwavijeshi, wala nafasi kati ya mstari na mstari. Msimu wa mauzo umefika huku kwetu Tabora. Tumbaku iko sokoni, karanga zimeshavunwa, mahindi yanapukuchuliwa, na kila ninapopita na pikipiki kuanzia Kwihara kwenda vijiji vya jirani nasimamishwa kwa maswali ya aina mbili.

La kwanza ni la wazee na akina mama: "Bwana shamba, tuuze sasa au tusubiri?" La pili ni la vijana, nalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, simu ikiwa mkononi: "Bwana shamba, hii foreksi inalipa kweli?" Wanamaanisha ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni.

Mimi ni mtu wa stashahada ya kilimo, si mchumi wala dalali. Bei ya kesho siijui, na anayekuambia anaijua mwangalie vizuri. Lakini nimekaa na wauzaji na wanunuzi kwa miaka ya kutosha kuona kwamba maswali haya mawili ni swali moja. Mwenye magunia 20 ya mahindi ghalani na mwenye laki mbili kwenye simu wote wanasubiri bei, na wote wana adui mmoja. Adui huyo anakaa kifuani mwao, na majina yake ni hofu, tamaa na kiburi.

Neno langu la leo ni fupi. Bei huwezi kuiamuru. Unaweza kujiamuru mwenyewe: utaingia na kiasi gani, utatoka lini, na utakubali kupoteza kiasi gani. Mambo hayo matatu huamuliwa nyumbani, kichwa kikiwa kimetulia. Ukiyaacha yakaamuliwe sokoni, soko litakuamulia.

Kwihara ilikuwa soko kabla yetu

Wengi mnaijua Kwihara kwa lile tembe la Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Wageni huja, wanapiga picha ya kuta nyekundu na mlango wa nakshi, wanaondoka. Lakini katika karne ya 19 eneo hili la Unyanyembe lilikuwa njia panda ya biashara ya nusu ya bara. Misafara ilipanda kutoka Bagamoyo, ikapumzika hapa, kisha ikagawanyika: mingine magharibi kuelekea Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi ndio walioibeba mizigo hiyo mabegani, na wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenyewe, si wapagazi tu.

Siandiki kuisifu biashara ile. Njia hiyo hiyo iliyopitisha pembe za ndovu ilipitisha watu waliouzwa kama mizigo, na hilo halina pambo. Lakini makosa na busara za watu wa soko hazijabadilika sana tangu siku zile, na zinatufaa kuzitazama kwa sababu zilitokea hapa hapa tunapolima.

Chukua mfano wa shanga. Hela ya njiani ilikuwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Stanley alipojiandaa kule Zanzibar mwaka 1871 aligundua kwamba huwezi kununua shanga hovyo tu. Samesame, zile nyekundu, zilipokelewa vizuri Unyamwezi mahali ambapo rangi nyingine zilikataliwa. Zile nyeusi zilizoitwa bubu zilikuwa pesa Ugogo, lakini ukivuka Ugogo hakuna anayezitaka. Sungomazi, shanga kubwa kama yai, zilikuwa na thamani Ujiji, kwingine zikawa mzigo tu. Mtu aliyebeba shanga zisizo za nchi anayokwenda alikuwa amelipa wapagazi miezi mitatu kubeba hasara yake.

Sasa niambie tofauti ya huyo na mkulima anayelima zao kwa sababu jirani alilipata bei nzuri mwaka jana, bila kuuliza nani atalinunua. Au kijana anayenunua fedha ya nchi ambayo hajui hata benki kuu yake inafanya nini, kwa sababu tu kundi la simu limesema "nunua". Kanuni ya kwanza ya soko ina umri mkubwa kuliko sisi sote: usibebe shanga usizojua zinapokelewa wapi.

Bei haina undugu na wewe

Kuna jambo linalowaumiza sana wakulima wetu, nalo ni kuichukulia bei kama mtu. "Bei imenidhulumu." "Bei itanionea huruma mwezi ujao." Bei haikujui, ndugu yangu. Haijui kwamba ulilima mwenyewe, haijui kwamba mtoto anakwenda kidato cha kwanza.

Tazama mbaazi. Wakulima wengi nchini walizipanda kwa nguvu kwa sababu India ilikuwa inanunua sana. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia nchini mwao, tani 200,000 kwa mwaka. Uamuzi ulifanyika huko, bei ikaanguka huku. Mkulima hakuwa amekosea nafasi wala palizi. Tazama pia Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lililegezwa baada ya siku chache kwa masharti, lakini kwa siku hizo chache malori yalikwama mpakani, na mwenye mkopo wa kulipa wiki hiyo alijua maana ya kukwama.

Wala si jambo jipya. Kitambaa cha merikani, kilichokuwa kama noti katika njia yetu ya misafara, kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikakatika na merikani ikaadimika Zanzibar. Mtu aliyekuwa akibadilishana kitambaa na pembe huku bara aliguswa na vita ambavyo hakujua hata vilikuwa vinagombania nini.

Kwa hiyo usikasirikie bei. Mtu aliyekasirika hufanya mojawapo ya mambo mawili: huuza vyote kwa hasira, au hukataa kuuza kwa ukaidi. Yote mawili ni kufanya biashara na moyo wako badala ya kufanya biashara na mnunuzi.

Subira ina gharama, ihesabu

Methali inasema subira yavuta heri, nami naikubali. Lakini kuna subira ya mtu anayejua anasubiri nini, na kuna subira ya mtu anayeogopa tu kuamua.

Livingstone alikaa hapa Kwihara tangu Stanley alipomwacha tarehe 14 Machi 1872 hadi alipoondoka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi. Alikuwa anasubiri wapagazi kutoka pwani. Alijua anasubiri nini, alijua wanatoka wapi, na walipofika hakukaa kuwaza tena bali alifunga mizigo na kuondoka. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane kuhusu safari yenyewe, lakini hivyo ndivyo subira inavyopaswa kuwa na umbo: ina sababu, ina dalili ya kuisha, na ikiisha inaisha.

Sasa linganisha na sisi. Mkoa wetu una sifa isiyopendeza katika vitabu vya wadudu: dumuzi, yule mdudu anayesaga mahindi kuwa unga, aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika hapa Tabora, takriban miaka 40 na kitu iliyopita, akiwa ametokea Amerika ya Kati. Dumuzi ndiye anayekukumbusha kwamba kusubiri si bure.

Tufanye hesabu, kwa bei za mfano tu. Una magunia 20 ya kilo 100, yaani kilo 2,000. Mwezi wa sita bei ni shilingi 500 kwa kilo, kwa hiyo ungeuza ungepata 1,000,000. Unaamua kusubiri hadi Januari, na kweli bei inafika 750. Kwa macho una 1,500,000. Umeshangilia.

Sasa toa gharama. Mtu wa kwanza alikausha vizuri, akaweka kwenye mifuko ya PICS kwa 100,000, akatumia 40,000 kwa kubeba na turubai, akapoteza kilo 60 tu, sawa na 45,000. Anabaki na 1,315,000. Subira yake imemlipa 315,000.

Mtu wa pili aliweka kwenye magunia ya kawaida kwa 30,000, akatumia 40,000 ile ile, na dumuzi wakala kilo 400, sawa na 300,000. Zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuuza, alikopa 500,000 mtaani ili aishi, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi saba. Hiyo ni 175,000. Jumlisha, kisha toa: anabaki na 955,000. Bei imepanda kwa nusu nzima, naye amepata pungufu ya yule aliyeuza mwezi wa sita!

Huyu wa pili atakwambia soko ni baya. Soko lilikuwa zuri. Yeye hakuhesabu.

Kaunta buku ina akili kuliko kichwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walishamaliza, mimi naongeza maelezo tu.

Mimi na mke wangu kila mwaka tunatenga fedha kidogo za kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza baadaye. Siyo biashara kubwa, magunia kumi na mawili hivi, lakini imetusaidia kwenye ada za shule. Kabla hatujanunua gunia la kwanza, tunakaa mezani usiku watoto wakiwa wamelala, tunaandika mistari mitatu kwenye kaunta buku. Wa kwanza: bei tutakayouzia nusu ya mzigo bila kujadiliana tena. Wa pili: bei ambayo ikishuka hadi hapo tunauza na kukubali hasara. Wa tatu: tarehe. Yetu ni 15 Februari. Siku hiyo kilichobaki kinauzwa kwa bei yoyote iliyopo, kwa sababu baada ya hapo mahindi mabichi na mavuno mapya ya mikoa mingine huanza kutusukuma. Kisha sote wawili tunatia saini. Mke wangu ndiye aliyedai saini, na alikuwa na sababu.

Mwaka mmoja tarehe ikafika bei ikiwa chini ya tuliyonunulia kwa shilingi 40 kwa kilo. Mnunuzi yuko mlangoni na mizani. Rafiki yangu, mzoefu kuniliko, akaniambia, "Usiuze, wewe! Mwezi wa tatu inapanda." Tukauza. Kilo 1,200, hasara 48,000, bila kuhesabu mifuko. Wiki tatu baadaye bei ikapanda kweli, na yule rafiki akanipigia simu akicheka.

Utasema basi tulikosea. Hapana. Tarehe ile haikuwekwa kwa ajili ya mwaka ule mmoja, imewekwa kwa ajili ya miaka ishirini. Siku ile ningeivunja na nikapata faida, ningekuwa nimejifunza somo baya kabisa, kwamba maandishi yangu yanaweza kuvunjwa nikisikia hivyo moyoni. Mwaka unaofuata ningeivunja tena, na tena, hadi mwaka ambao bei haipandi. Uamuzi mzuri unaweza kuleta hasara, na uamuzi mbaya unaweza kuleta faida. Mwenye daftari anajua kuvitofautisha. Asiye na daftari anakumbuka tu alipofurahi.

Mstari wa pili, ule wa kukubali hasara, ndio mgumu kuliko yote. Daniel Kahneman na mwenzake Amos Tversky walionyesha tangu mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza hulemea kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Ndiyo maana mtu huuza haraka kilichopanda ili aifunge furaha, na hushikilia kilichoshuka ili asiyaone maumivu. Mwishoni anabaki na ghala lililojaa vilivyoharibika. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nawe huwezi kukubali kushindwa mbele ya mnunuzi anayekucheka. Kubali mapema, kwenye karatasi.

Acha sega kwenye mzinga

Huku kwetu asali si jambo la hadithi. Kuna mzee mmoja mrina asali ambaye nimekuwa nikimtembelea porini kwa habari za mizinga. Siku moja nilimkuta akishuka mtini na ndoo ambayo haijajaa.

"Shikamoo mzee. Mbona umeacha masega mengi?"

"Marahaba, bwana shamba. Hayo ya nyuki. Nikichukua yote, mwakani nitarina nini?"

Hakuna kitabu cha biashara kitakachokupa sentensi bora kuliko hiyo. Mtaji ni sega la nyuki. Faida unaila, sega unaliacha.

Hapa sasa nazungumza na ninyi vijana wangu wa simu, na sizungumzi kwa dharau. Ile michoro mnayoitazama, mishumaa ya kijani na nyekundu, historia yake huhusishwa na Homma Munehisa, mfanyabiashara wa mchele wa mji wa Sakata huko Japani katika karne ya 18. Mchele, jamani! Kule Osaka soko la mchele la Dojima lilipata kibali cha serikali mwaka 1730, na watu walikuwa wakiuziana mchele wa msimu ujao kabla ya watu wetu kuufungua vizuri mlango wa Ujiji. Kwa hiyo msidhani mnafanya jambo geni kwa bwana shamba. Mnauza nafaka isiyoonekana.

Lakini tazama jinsi mzinga unavyorinwa huko. Unaweka 200,000. Kampuni inakukopesha nguvu ya kununua mara mia, kwa hiyo unashika 20,000,000. Bei ikienda upande wako kwa asilimia moja, fedha yako imekuwa mara mbili. Ikienda upande wa pili kwa asilimia hiyo hiyo moja, 200,000 yote imekwisha, na ulikuwa hujamaliza kunywa chai. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilitazama akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya aina hii, ikaona kwamba kwa kawaida asilimia 74 hadi 89 hupoteza fedha. Hao wana intaneti ya kasi kuliko yetu na mahakama karibu.

Ukiwa bado unataka, basi hesabu hii iandike ukutani. Ukiwa na 1,000,000, ukahatarisha asilimia 2 tu ya kilichopo kila mara, ukakosea mara kumi mfululizo, unabaki na takriban 817,000. Umeumia, lakini kesho upo. Ukihatarisha robo kila mara, makosa kumi yale yale yanakuachia takriban 56,000. Wote wawili wamekosea sawasawa. Mmoja bado ana mzinga. Na kumbuka, ukipoteza nusu ya fedha hauhitaji nusu kurudi ulipokuwa, unahitaji kuzidisha mara mbili kilichobaki. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na kuna fedha zisizoingia sokoni kabisa, iwe soko la mahindi au la simu. Mwezi wa kumi mmoja mama alinijia ofisini akiomba nimtafutie mtu wa kumkopesha mifuko miwili ya mbolea. Najua shamba lake, najua alivyouza vizuri, nikashangaa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwanawe alizichukua hela za mbolea azikuze kwa wiki moja tu, azirudishe kabla hajajua. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa nje chini ya mwembe, hakuingia. Mvua za kwanza zikaja, ekari mbili zikapandwa bila mbolea. Kijana yule si mwizi. Alimpenda mama yake, alitaka kumshangaza. Lakini alitia sega la nyuki kwenye ndoo.

Hela ya mbolea, hela ya ada, hela ya dawa, hela ya mtu mwingine: hizo nne hazina ruhusa ya kwenda sokoni. Zikienda, hutaweza kufikiri. Kila bei ikitikisika utaona sura ya mama.

Ushindi wa kwanza ni hatari kuliko hasara ya kwanza

Mwaka 1871 Waarabu wa Unyanyembe waliamua kupigana na Mirambo, mtemi wa Urambo, kwa sababu alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Stanley alikuwepo na aliandamana nao. Mwanzoni mambo yakaenda vizuri. Kikosi kimoja kikaiteka Wilyankuru, kikapata pembe na mateka, kikaanza kurudi kwa furaha na mizigo mizito. Mirambo alikuwa amejificha nyasini njiani. Aliwashambulia wakiwa wameelemewa na nyara zao, kiongozi wao akauawa, waliosalia wakatimua mbio. Mwezi huo huo wa Agosti Mirambo akaja kuichoma Tabora yenyewe.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimemwona kijana aliyepata faida siku tatu mfululizo akaacha kazi ya vibarua akisema amepata taaluma. Nimemwona mkulima aliyebahatisha bei ya karanga mwaka mmoja, mwaka uliofuata akakopa kununua karanga za kijiji kizima. Hasara ya kwanza humfundisha mtu adabu. Faida ya kwanza humfundisha kwamba ana akili kuliko soko, na nyasi za Wilyankuru bado zipo.

Tazama Stanley alifanya nini baada ya hapo. Hakukaa kulipiza kisasi kwa Mirambo. Alikusudia kufika Ujiji, si kumshinda Mirambo, kwa hiyo mwezi wa Septemba akazunguka njia ndefu ya kusini, akafika. Ukipoteza sokoni, usimtafute aliyekushinda. Kurudi siku hiyo hiyo na fedha mara mbili ili "kurudisha" ni vita ya kisasi, na kisasi hakijui kuhesabu. Funga simu, funga ghala, kalale. Njia ya kusini itakuwepo kesho.

Nani ameshika mali yako?

Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871 akiwa amechoka na mgonjwa, alikuta bidhaa alizotumiwa zimeshauzwa zote na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Hakushindwa na bei. Alishindwa na ghala la mtu mwingine.

Wengi mnakumbuka DECI. Watu "walipanda mbegu" na kuahidiwa "mavuno", lugha yetu sisi wakulima, hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Mbegu haioti kwenye bahasha. Akikwambia faida ni ya uhakika na ya haraka, na ili uipate lete wenzako, huyo hana shamba, anakula mbegu za waliochelewa kuja.

Kabla hujatoa hela, uliza: nani anaishika, amesajiliwa na nani hapa nchini, na nikitaka kuitoa leo itachukua siku ngapi? Kwa mazao ni vile vile. Ghala lina leseni? Nimepewa stakabadhi, au nimepewa neno? Mzigo umepimwa kwa mizani, au ni lumbesa? Uza kwa kilo, ndugu yangu. Kilo haina mdomo.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii

Usiku wa leo, kabla ya siku ya soko, chukua daftari ujibu haya:

1. Ninauza au nanunua nini, na nani anakihitaji, wapi?
2. Kusubiri kutanigharimu shilingi ngapi kwa mwezi?
3. Nitauza nusu kwa bei gani?
4. Nitakubali hasara kwa bei gani?
5. Tarehe yangu ya mwisho ni ipi?
6. Fedha hii ikipotea yote, kuna shamba litakalokosa mbolea au mtoto atakayerudishwa shule?

Kama jibu la sita ni ndiyo, acha hapo hapo, usiendelee. Kama ni hapana, saini, na umpe mwenzako naye asaini. Halafu nenda sokoni ukafanye kazi moja tu, kutii ulichoandika.

Wenye mahindi, pimeni unyevu kabla ya kuhifadhi, yasizidi asilimia 13 na nusu. Mkiwa na wasiwasi nileteeni sampuli ofisini. Vijana nao waje, milango iko wazi, na yule wa chini ya mwembe pia aje, simdai maelezo. Tuna ekari mbili za kupanga upya.

Kazi njema, na tukutane shambani.